Namba Nne ya Kalinzi

Kwa miaka tisa nilikana kwamba kile kijitabu kilikuwa changu. Hakikuwa na jina la mwandishi, nami nikajificha humo kama panya ndani ya debe la unga. Kilikuwa na kurasa nne, picha ya mkulima anayecheka meno yote nje, na juu yake maneno haya: "Shibe: soya ya kila shamba, kila mkoa." Maneno ni yangu. Niliyaandika Morogoro, mezani, dirisha nimelifunga kwa sababu ya vumbi, kabla sijawahi kuuona mmea wa soya ukiwa hai. Wenye mbegu walinipa karatasi moja ya sifa zake. "Kila mkoa" haikuwamo. Niliiongeza mwenyewe kwa sababu sentensi ilikuwa inachechemea.

Nyinyi mnaoniuliza nilifuata nini Kigoma, na kwa nini nimerudi mpole kuliko nilivyoondoka, jibu linaanzia hapo. Habari za tiketi na vibali naziruka; hakuna aliyewahi kuburudika nazo.

Aliyeniita ni Tausi. Baadhi yenu mnamjua: tulikaa chumba kimoja chuoni, yeye akisoma kilimo, mimi nikisoma fasihi na kula chakula chake. Siku hizi anaendesha majaribio ya mbegu yasiyo ya duka lolote. Huchukua aina tano za soya, akazivua majina na kuzipa namba, kisha wakulima wakazipanda kwenye mashamba yao wenyewe. Orodha ya namba ipi ni mbegu ipi hukaa kabatini Morogoro, kwa mtu asiyegusa jembe, mpaka uzito wa mwisho uandikwe. Hata Tausi mwenyewe haijui. Alichohitaji ni shahidi wa kusoma mizani.

"Nataka mtu asiye na mbegu, asiye na duka, wala mjomba mwenye duka," aliniambia kwenye simu. "Hujawahi kufanya kazi na watu wa mbegu, au siyo?"

"Mimi na mbegu wapi na wapi?" nikamjibu, nikacheka kabisa.

Morogoro hadi Tabora

Tausi alitaka nimpelekee mizani mpya, ile ya betri inayopima mpaka gramu. Alinionya isitikiswe. Kwa hiyo nilipanda treni nikiwa nimeipakata ndani ya sanduku lake, na mpaka tunafika Dodoma abiria wote wa behewa letu walishaamini kwamba nimebeba majivu ya mtu. Mzee mmoja alinipa pole. Nikaipokea, maana kumweleza kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo.

Mbele yangu alikaa mama wa Ujiji, Bi Zawadi, mwenye kanga mbili na sauti ya kutosha behewa zima. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo, bibi yake ni wa Kigoma, na yeye huuza unga wa lishe sokoni Mwanga. Hakuamini habari ya majivu hata kidogo.

"Dada, marehemu hapakatwi hivyo," alisema. "Fungua tuone."

Nilifungua. Alipoona ni mizani alifurahi kama aliyekutana na ndugu aliyepotea.

Tabora hadi Kigoma

Tabora tulinunua asali na mayai ya kuchemsha. Mbele kidogo ya Kaliua treni ikasimama. Mvua za mwisho zilikuwa zimechimba udongo chini ya reli, tukaambiwa mafundi wanajaza kifusi. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nne tuliambiwa bado kidogo. Saa sita aliyekuwa akituambia bado kidogo hakuonekana tena.

Katika kungoja huko Bi Zawadi aliamua kwamba mizani yangu ni mali ya umma. Alianza na mtoto wa jirani yetu, akamlaza kwenye beseni juu ya mizani. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani mama yake, behewa likashangilia. Wakaja wenye watoto wengine, kisha wenye kuku. Hatimaye akaja mtu na dumu lake la asali, na lilipopimwa alishuka kwenye behewa kumtafuta aliyemuuzia, akiwa amesahau kwamba Tabora tumeiacha saa nyingi nyuma.

"Mizani haina ndugu," Bi Zawadi alisema. "Ndiyo maana sisi wafanyabiashara tunaisalimia kwa mbali."

Aliniuliza itakwenda kupima nini. Nikamwambia: soya, Bangwe kando ya ziwa na Kalinzi vilimani.

"Kalinzi!" Akapiga goti lake. "Hao walinikosesha unga mwaka mzima. Kikundi cha akina mama, wachapakazi hasa, mimi ndiye mnunuzi wao. Wakapanda mbegu ya karatasi."

"Mbegu ya karatasi?"

"Wamesoma kwenye karatasi kwamba inaota kila mkoa. Ikaota kweli! Kuzaa ndiko ilikosahau. Mwenyekiti wao mpaka leo kuna watu hawamsalimii, maana ndiye aliyewasomea."

"Nani aliiandika?" nikauliza.

"Nani anajua? Mtu wa mjini huyo. Mungu anamwona."

Nikamenya yai. Nililimenya kwa uangalifu mkubwa sana, kama mtu anayefanya upasuaji.

Treni iliondoka saa kumi na mbili jioni. Tulifika Kigoma siku ya pili mchana, miguu imevimba. Nilikuwa nimejiandaa kutosisimka, kwa kuwa picha za Ziwa Tanganyika nimeziona kwenye kalenda. Kalenda hazina hatia, ila hazisemi lolote. Nilitoka stesheni nikitafuta mahali maji yanapoishia na mbingu kuanza, nikapakosa, kisha nikaona kwamba kile nilichodhani ni wingu ni milima ya Kongo. Nilisimama na sanduku langu mpaka mwenye bajaji akaniuliza kama naumwa.

Ujiji na Bangwe

Bi Zawadi alikataa nisile hotelini. Nyumbani kwake Ujiji nilipewa migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyokaangwa kwa mawese, na ugali wa muhogo kwa sombe, kisamvu cha huko. Nilimaliza, nikaomba tena, nikaombewa dua ya afya.

Shamba la kwanza lilikuwa la Mzee Haruna, mvuvi mstaafu wa Bangwe, kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba yake. Tausi alinipokea kwa kukagua mizani kwanza, mimi baadaye. Alinionyesha vitalu: namba moja mpaka tano, kila namba mara tatu, zimetawanywa ili isitokee moja ikapata pembe nzuri peke yake.

"Hiyo nne, mwanangu, iangalie," Mzee Haruna aliniambia. "Tangu nizaliwe nimevua, sijui mambo ya shamba. Lakini wavu uliojaa naujua."

Namba nne ilikuwa imekauka rangi ya dhahabu, na mashina yake yamebeba maganda kuanzia chini hadi kileleni, yameshikana kama watu kwenye mazishi ya tajiri. Upepo wa ziwa ulipopita, mbegu zilicheza ndani ya maganda na shamba lote likalia kama kayamba. Tulivuna, tukapiga kwa fimbo, tukapepeta. Nikasoma mizani kwa sauti, Tausi akaandika. Namba nne iliziacha zote nyuma, kwa mbali. Kila gunia dogo lilifungwa, likatiwa lakiri, likabaki kwa Mzee Haruna.

Jioni, miguu ikiwa majini, nilijisemea kwamba ikiwa Shibe imo kati ya zile tano, na namba nne ndiyo yenyewe, basi sikuwa mwongo. Mtu wa makamo, mwenye shahada mbili, nikaanza kuiombea soya.

Mwanga hadi Kalinzi

Kutoka Mwanga tulipanda kwa bodaboda mbili, kilima juu ya kilima, mpaka masikio yangu yakaziba. Dereva wangu aliniita "mama mkubwa" na kuniomba niegemee mbele kila penye utelezi. Migomba ilianza, kisha kahawa, kisha baridi. Nilikuwa nimevaa blauzi ya pwani ya ziwa. Nikafika natetemeka.

Akina mama wapatao ishirini walikuwa wanatungoja kando ya shamba. Walipotuona waliinama kidogo, wakaanza kupiga makofi ya polepole wakisema "Mwakeye, mwakeye." Mimi, ambaye nimehutubia kwenye makongamano mawili matatu, nikainama na kusema, "Asanteni, asanteni sana, hata sijaanza."

Kikafuata kicheko kilichofukuza ndege kwenye migomba.

"Wanakusalimia," Tausi aliniambia bila kunitazama. "Makofi ndiyo shikamoo ya Kiha. Rudisha."

Nikarudisha. Waliendelea kunicheka kwa siku tatu, na kila asubuhi kuna aliyenipigia makofi akisema, "Hata hatujaanza!"

Mwenyekiti wao ni Mama Leokadia, mwembamba, mrefu, asiyeharakisha neno. Alitupa kahawa na maharage ya mawese na ndizi, akatwambia mambo yalivyo. Mwaka ule wa Shibe yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wang'oe maharage yao ya kawaida. Hakuna aliyevuna cha kumuuzia Bi Zawadi. Kuna waliojitoa kwenye kikundi. Majaribio haya ni yeye aliyeyaomba, na alishawaambia: yakionyesha mbegu inayofaa, watalima pamoja tena, yakivurugika, anaachia uenyekiti na kila mtu ashike njia yake.

Kisha alileta mfuko wa nailoni, na ndani yake kile kijitabu. Mkulima bado alikuwa anacheka. Alikisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliyepotea. Alipofika kwenye "kila mkoa" alinyanyua macho.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Hilo siwezi kumnyima."

Kahawa ilinipalia.

Twende shambani. Namba mbili ilikuwa imekauka vizuri, imejaa. Namba nne, ile malkia wa Bangwe, sikuitambua. Wakati wenzake wote wameiva, yenyewe ilikuwa bado kijani, fupi, maganda ya kuhesabika. Mbegu ileile, namba ileile. Ilichotwa kutoka mfuko mmoja na ile ya Bangwe, lakini huku baridi iliichelewesha, kana kwamba mmea uliuliza uko wapi, ukajibiwa, na haukupenda jibu. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mahali na mtu. Sikuwahi kufikiri kwamba punje inaweza kujua ilipo kuliko mimi.

Lakini hiyo ilikuwa kwenye vitalu viwili. Kwenye kitalu cha tatu, karibu na njia, namba nne ilifika kiunoni, majani meusi kwa afya.

Tausi aliitazama muda mrefu. Akang'oa mmea mmoja kutoka kitalu kinyonge, akakung'uta udongo, akatuita. Kwenye mizizi kulikuwa na vinundu vidogo, kama shanga. Akakikata kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, chekundu cha nyama.

"Humu mnaishi vijidudu vinavyochukua chakula hewani na kuulisha mmea," alisema. "Rangi hii maana yake vinafanya kazi."

Nilikishika kiganjani. Nina miaka hamsini na mbili, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba chini ya ardhi kuna kitu chekundu kinachokula upepo. Akina mama nao walisogea, mmoja alikinusa.

Kisha Tausi akang'oa mmea wa kile kitalu kinene. Mizizi ilikuwa karibu mitupu.

"Huu haukuhangaika kutafuta," alisema. "Umeletewa. Nani ametia samadi hapa?"

Nilitegemea kimya kirefu, watu kutazamana, uchunguzi. Ndivyo ingekuwa katika ofisi zote nilizowahi kufanya kazi. Kabla Tausi hajaufunga mdomo, mama mmoja mnene mwenye mtandio wa njano alikuwa ameshainua mkono. Ni Ansila, wifi yake Mama Leokadia.

"Ni mimi," alisema. "Nilikihurumia. Kila asubuhi napita hapa naenda kisimani. Wenzake wananenepa, chenyewe kimekonda, kinanitazama. Nikasema mtoto mgonjwa ndiye hupewa uji kwanza. Nikaleta samadi ya mbuzi, mara tatu."

"Ansila!" Mama Leokadia alishika kichwa. "Tuliambiwa tusiongeze kitu!"

"Niliambiwa, wifi. Lakini wewe hukupita hapa kila asubuhi."

Tausi alikaa chini kwenye tuta. Akaeleza kwamba kitalu kile lazima kiondolewe kwenye hesabu. Vikibaki viwili, na vikipimwa kwa haki, jaribio bado litasimama. Vingine vyote alivikagua mizizi, viko salama. Ansila alilia kidogo, akajifuta kwa mtandio, akauliza kama anaweza kusaidia kuvuna hivyo vingine. Basi. Yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mimi nilikuwa bado nimeshika kile kinundu. Mwanamke huyu alifanya kosa kwa huruma, akalisema mbele ya kijiji kizima kabla ya kuulizwa mara ya pili. Mimi nilifanya langu kwa sababu ya mwendo wa sentensi, na nilikuwa karibu kwenda kusoma mizani.

"Tausi," nikasema. "Mimi siwezi kusoma mizani."

"Miwani umesahau?"

"Kile kijitabu niliandika mimi."

Tausi alinitazama kama alivyonitazama mwaka ule nilipokula nyama yake ya sikukuu.

"Nilikuuliza," alisema polepole. "Nilikuuliza kwa maneno haya haya."

"Uliniuliza."

"Na Bangwe umesoma magunia yote. Unajua watu watasemaje wakisikia? Watasema jaribio lina mtu wake." Akanyoosha mkono. "Toka kwenye mizani."

Nilitoka. Mama Leokadia alinikaribia, mfuko wa nailoni mkononi. Nilitamani anitukane, matusi yana mwisho.

"Ulipokiandika hiki," aliniuliza, "ulikuwa umeshafika hapa?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa umepafikiria?"

Nilijaribu kukumbuka kwa haki. "Hapana."

Akatikisa kichwa. "Basi hukutudanganya sisi. Hukujua kama tupo."

Alikirudisha kijitabu mfukoni, akaukunja mara mbili.

Kuteremka

Kikundi kilichagua watatu wa kusoma mizani kwa pamoja, kwa sauti, ikiwa ni pamoja na mama mmoja aliyekuwa amejitoa kwa hasira miaka ile. Mama Leokadia mwenyewe alimfuata nyumbani kwake kumwomba. Mimi nilipewa kazi ya kupepeta. Naifanya vibaya. Ansila alinifundisha huku akinicheka, tukapepeta bega kwa bega, wakosaji wawili, mmoja akiwa amelala vizuri usiku wa jana.

Namba nne haikuwa tayari. Tausi alisema watangoja wiki tatu hivi, iive yenyewe. Kwa hiyo mizani ilibaki Kalinzi, na sisi tulipoteremka tuliazima ya Bi Zawadi ya sokoni, ili magunia ya Bangwe yapimwe upya bila mimi.

"Hii ni ya haki?" Tausi alimuuliza.

"Ya leo ndiyo," alijibu.

Tausi aliijaribu kwanza kwa mawe ya kupimia aliyokuwa nayo. Kisha mbele ya Mzee Haruna na majirani zake lakiri zilikatwa, kila gunia likapimwa upya, mimi nikiwa nimekaa mbali kwenye ngazi kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Namba nne ilikuwa ya kwanza tena, vilevile. Hilo lilitosha kumfanya Tausi aninunulie mgebuka. Hakuzungumza nami mpaka alipofika kwenye mifupa.

"Ungeniambia tangu mwanzo," alisema, "ningekuleta hata hivyo. Ningekupa kupepeta tu."

Nilikuwa nimemaliza kumweleza Bi Zawadi pia. Alinisikiliza, akashika kiuno, akaniangalia juu mpaka chini.

"Kumbe na wewe Mungu alikuwa anakuona, siti ya mbele yangu!" alisema. Kisha akanifungia kilo mbili za unga, zikazidi kidogo.

Nyumbani

Wiki nne zilipita. Nilikuwa nachambua mchele simu ilipolia, na nyuma ya sauti ya Mama Leokadia nilisikia watu wengi.

"Shikamoo, mama," nilisema, ingawa tunakaribiana umri.

"Marahaba. Umewekwa wazi, wote wanakusikia." Makofi ya polepole yakapigwa, na mtu akapaza sauti, "Hata hatujaanza!"

Nikasubiri kicheko kiishe.

"Tumepima nne," alisema. "Watatu wamesoma. Imekuwa ya mwisho huku kwetu, imeachwa na zote. Namba mbili imeongoza. Ndiyo tutakayopanda, na waliotoka wamerudi, wapo hapa. Kisha Tausi akaletewa orodha kutoka huko kwenu, akaisoma mbele yetu."

"Nne ni ipi?"

"Ni Shibe."

Niliuweka ungo chini. Bangwe ya kwanza, Kalinzi ya mwisho. Mbegu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa maneno mawili.

"Ansila anasema kumbe alikuwa anamlisha adui yake," Mama Leokadia aliendelea. "Mzee wa Bangwe ametuma salamu, yeye ataipanda hiyohiyo. Sasa sikiliza. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Kiandike upya. Andika huku juu ipandwe ipi, na kule ziwani ipi, na kwamba kwingine hatujapima."

"Nitaandika, mama."

"Na mwisho weka jina."

"La kikundi?"

"Lako," alisema, akakata simu.